Babu Ndimu Mgongoni

Dada yake alikuwa na mtindo wa kufungia kila kitu kwenye gazeti: sabuni, kandambili, hata kitana. Kifurushi kilipofika, Pasi, kama walivyomwita wenzake katika chumba cha kufulia cha hoteli, aliviweka vitu kando akayakumbatia magazeti. Ukurasa wa sita alikuwemo Babu Ndimu, mwandishi mwenye ulimi mkali ambaye baba yake alikuwa akimsoma kwa sauti kila Jumamosi, akicheka kabla hata hajafika kwenye kichekesho. Mwaka wa pili huu Pasi alikuwa ugenini, na wa kumtania kwa lugha yake alikuwa Kijiko peke yake, wa meza ya pili, ambaye utani wake ulichubua ngozi.

Ukurasa ulikuwa umekunjamana vibaya. Mtu wa pasi afanyeje? Asubuhi, kabla msimamizi hajaingia, aliutandaza mezani, akaupuliza mvuke, akaukandamiza mpaka ukanyooka. Akausoma amesimama. Babu Ndimu alikuwa anasimulia alivyokwenda kung'olewa jino: "Nikayaambia magoti yangu, nyinyi tangulieni, mimi nakuja." Pasi alicheka akajishika kiuno. Dakika tano nzima alikuwa kwao.

Kisha akatandaza shati jeupe la mgeni wa chumba namba kumi na nne, akalirashia maji, akapiga pasi. Alipoligeuza, akaiweka pasi kando. Wino ulikuwa umebaki kwenye kitambaa cha meza, na sasa ulikuwa umehamia mgongoni mwa shati, rangi ya majivu, herufi zimesimama wima: *magoti yangu, nyinyi tangulieni*.

"Yarabi!" Kijiko akanong'ona. "Umemchapisha mtu!"

"Usinicheke, nisaidie."

"Huku ni kuogopa, shoga, si kucheka. Mgeni ana mkutano saa nne."

Wakajaribu sabuni. Wino ukatanda kidogo, maneno yakabaki palepale. Pasi akasugua tena. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile; kazi ikikatika, anapewa siku saba na njia ya uwanja wa ndege. Nyumbani, ada ya shule ya wanawe wawili ilitoka kwenye pasi hiyohiyo.

Mlango ukafunguka. Msimamizi alikuwa mama mrefu asiyepandisha sauti kamwe, na hapo ndipo alipotisha. Akaliona shati mikononi mwa Kijiko.

"Wewe ndiye uliyefanya haya?"

Kijiko akainamisha macho. Pasi alijua akinyamaza pumzi tatu tu, yatakuwa yamekwisha, na yatakuwa yamemwangukia mwenzake. Ndipo akaisikia ile sauti ya Jumamosi, ya baba na ya Babu Ndimu zimechanganyika, ikiyaamrisha magoti yatangulie. Yakatangulia, naye akafuata.

"Ni mimi, mama. Nilipiga pasi gazeti."

"Gazeti?"

"La kwetu, mama."

Msimamizi alimtazama kana kwamba Pasi amemwambia amepika viatu. "Mpelekee mwenyewe. Akipiga simu kulalamika, barua yako naandika leo hii."

Mgeni alifungua mlango tai ikining'inia shingoni. Akaligeuza shati, akakunja uso.

"Imeandikwa nini?"

"Ni mtu... anamwogopa daktari wa meno, bwana. Naomba radhi."

Mgeni akayatazama tena yale maneno. Alilichukua, akafunga mlango.

Mchana ule simu ya mezani kwa msimamizi ililia mara nne, na mara nne Pasi aliishika pasi yake kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Wa kwanza alitaka mto, wa pili taulo. Wa tatu alikosea namba. Wa nne alikuwa mtu wa mapokezi; msimamizi alisikiliza muda mrefu, akaandika kitu, akakata.

"Mgeni wa kumi na nne ameondoka hotelini," alisema. "Alivaa koti juu. Anataka kujua kama yule mtu aling'olewa jino au alikimbia."

Ukurasa ulikatika palepale kwenye magoti, dada alikuwa amefungia sabuni kwa kipande tu.

"Jibu upate kabla hajarudi mwezi ujao," msimamizi akasema, akageukia daftari lake. "Na hicho kitambaa cha meza, choma."

Jioni Pasi alimpigia dada yake. "Dada yangu, hebu nenda jikoni, uangalie kipande kilichobaki cha ukurasa wa sita umefungia kitu gani."