Shukrani ya Kila Kijiko

Dalali aliweka kijiko mezani, akakunja mikono, akamtazama mkewe. Supu ya viazi ilikuwa mbele yake, imesagwa laini kabisa, mvuke unampanda usoni. Hakuigusa.

"Kula basi," mkewe alimwambia.

Akatikisa kichwa. Akamnyooshea mkewe kidole, kisha akakielekeza darini, kwa Mwenye enzi.

Mwanamke huyu mtaa mzima ulimwita Fundi. Alichomelea mageti na madirisha kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukimpelekea geti lililoliwa na kutu, alikwambia palepale kwamba hilo si geti tena, ni kumbukumbu. Mumewe alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa dalali wa mnadani, mtu wa kuuza kabati lenye mguu mmoja mfupi na mnunuzi akaondoka akijiona mjanja. Mtaji wake ulikuwa sauti. Sasa uvimbe ulikuwa umeota kooni, daktari akautaja kwa jina lake, saratani, na mionzi iliyokuwa ikiupiga kila siku ya kazi ilikuwa imeunguza koo zima. Kumeza mate tu kulimtoa machozi. Kuongea alikatazwa, isipokuwa kwa jambo la lazima sana.

Miaka yote ya ndoa yao, aliyeshukuru kabla ya kula alikuwa Dalali. Fundi kazi yake ilikuwa kuitikia amina. Lakini tangu siku ile ya majibu ya daktari, Fundi hakuwa amemwambia Mungu neno hata moja. Hakumlaani wala hakumwomba. Alimnunia tu, kama unavyomnunia jirani aliyekukosea, mkapishana mlangoni kila mtu anatazama kwake.

Wifi yake, dada mkubwa wa Dalali, aliyekuwa amehamia kwao kusaidia, ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. Aliinamisha kichwa, akashukuru kwa maneno mazuri yaliyopangika. Dalali alimsikiliza kwa adabu zote, akatikisa midomo kuitikia amina. Kisha akamnyooshea mkewe kidole tena.

"Huyu mdogo wangu kakonda mwili, ukaidi umebaki uleule," wifi alisema. "Wifi, sema maneno mawili tu yaishe, chakula kiliwe."

"Niseme nini? Nishukuru saratani? Mimi sisemi uongo kwa wateja, niseme kwa Mungu?"

Hapo Dalali akamwinamia na kunong'ona, kila neno likikwaruza njiani. "Nikiondoka mmenuniana, nani atawapatanisha?"

"Huondoki popote!" Fundi alifoka. "Kula!"

Mikono ikakunjwa upya.

Supu ile haikuwa ya kubembelezana. Kwenye chumba cha mionzi Dalali alilazwa chali, akavishwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichotengenezwa kwa kufuata uso na shingo yake mwenyewe, kisha kikabanwa kitandani asitikisike hata kidogo. Binti aliyeendesha mashine alikuwa amewaeleza mapema kabisa. Mgonjwa akikonda, kinyago kinalegea. Kikilegea, mionzi inaweza kukosa pale inapotakiwa. Hapo tiba husimamishwa, vipimo vinaanza upya, na siku zote hizo uvimbe unapumua. Fundi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Yeye alijua geti likipishana na fremu, kufuli haliingii hata ulitukane.

Akaitazama supu. Akamtazama mkaidi wake. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kunyanyua chuma kizito.

"Mungu," alianza, kwa sauti ileile aliyomwitia mteja aliyetelekeza kazi yake karakanani. "Ni mimi, Fundi. Nimekukasirikia, na sitajifanya sijakukasirikia. Ila viazi vimeiva vizuri. Kwa viazi, asante. Amina."

Wifi alijiziba mdomo. Dalali alitikisika mabega kwa kicheko ambacho koo halikukipa ruhusa ya kutoka. Halafu akashika kijiko akala, machozi yakimtiririka kila alipomeza, mpaka nusu ya bakuli.

Siku iliyofuata Fundi akadhani amepata njia ya mkato. "Asante kwa viazi, amina," alisema haraka haraka. Dalali hakushika kijiko. Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga mnadani kitu kikishapata mwenyewe. Hiyo imeshauzwa, lete nyingine.

"Mungu wangu, huyu mtu ataniua yeye kabla ya ugonjwa wake," Fundi alisema, na wifi akamwambia hayo nayo ni maombi.

Basi ikabidi atafute. Hakuna mlo uliokubali shukrani ya jana, na Fundi, kama mnavyomjua, hakukubali kutunga. Akawa anapita kwenye siku zake macho yakiwa chini, kama mtu anayeokota misumari. Alimwona nesi aliyesugua viganja vyake vikapata joto kabla ya kumgusa mgonjwa shingoni. Akaiweka akiba ya mchana. Alimwona mzee kwenye foleni, mgonjwa yeye mwenyewe, akisogea ili Dalali apate pa kuegemea ukuta. Hiyo ikawa ya jioni. Jirani alipunguza redio bila kuombwa. Umeme haukukatika katikati ya kuchomelea bawaba. Wifi alifua mashuka bila kunung'unika, na aliposikia ametajwa mbele za Mungu alivimba kichwa siku nzima, mpaka chumvi ikazidi kwenye mboga.

Mwanzoni Fundi alizikusanya ili supu ishuke, basi. Hakuwa na nia nyingine. Ila kadiri alivyotafuta ndivyo alivyozidi kuona, na jambo hilo lilimuudhi kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba maisha yake yote yameharibika. Na kununa nako kulianza kumshinda. Huwezi kuongea na mtu asubuhi, mchana na jioni, halafu ukabaki umemnunia sawasawa. Hasira ilikuwepo, na aliisema waziwazi, lakini sasa aliisema usoni kwa mwenyewe, na alishangaa kwamba kila alipoimaliza kifua kilikuwa chepesi. Aliogopa kuliita jambo hilo imani. Alijua tu kwamba kuna anayemsikiliza.

Kisha ikaja ile jioni mbaya. Mchana wake binti wa mashine alikuwa amewaita pembeni.

"Mama, kinyago kimeanza kucheza hapa chini ya taya," alisema. "Leo bado tumeweza kupiga. Kesho kikicheza zaidi ya hivi, daktari atasimamisha. Jitahidini ale."

Fundi aliweka supu mezani. Alishukuru kwamba mionzi ya leo imepigwa. Dalali alishika kijiko, akaingiza mdomoni, akahangaika nayo huku mishipa ya shingo imesimama, akaishia kuitema kwenye kitambaa. Akajaribu tena. Ikawa vilevile. Akalisukuma bakuli mpaka katikati ya meza.

"Basi," alinong'ona.

Wifi aligeukia dirishani akaanza kulia kimyakimya. Fundi aliogopa kuliko siku ile ya majibu, kwa sababu siku ile Dalali alikuwa amemshika mkono na kusema tutapigana, na sasa mpiganaji mwenyewe ndiye anasukuma bakuli.

Akalivuta likarudi.

"Wewe si ndiye uliyesema kwenye nyumba hii hakiliwi kitu bila shukrani?"

Dalali akaitika kwa kichwa, amechoka.

"Na kikishashukuriwa? Kinarudishwa? Nimwambie Mungu samahani, mteja kaghairi?" Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Wewe ni dalali. Ikishagongwa, imegongwa."

Dalali alimkodolea macho. Mtego ulikuwa wake mwenyewe, na mtegaji ni mkewe. Pembe moja ya mdomo ikapanda.

Fundi alichota supu kidogo sana, ya kulowesha ulimi tu.

"Mungu, asante kwamba hiki ni kidogo." Akagonga. Dalali akafumba macho, akameza. Ikashuka.

"Asante, imeshuka." Akagonga. Kingine.

"Asante kwa huyu wifi, hata na chumvi yake." Dirishani, wifi alicheka na kulia kwa pamoja.

"Asante kwa lile kabati bovu aliloniuzia nikiwa msichana. Asante kwamba nilirudi mnadani kumtukana. Asante kwamba hakunirudishia hela, alinialika chai." Kila moja ikapata kijiko chake, na kila kijiko kikachukua muda wake, Dalali amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Fundi hakumharakisha. Supu ilipopoa, wifi aliipasha moto na kuirudisha.

"Asante kwa watoto waliotutoka mikononi wakaenda kujitegemea. Na yule tuliyemzika." Alichota kijiko, akakishika juu ya bakuli. "Yule sijawahi kukushukuru kwa ajili yake. Leo nakushukuru. Alikuwa wetu." Dalali alifungua macho, akafungua na mdomo mwenyewe kabla kijiko hakijafika.

"Asante kwa matusi yangu yote uliyoyavumilia. Asante kwa huyu mkaidi. Alinileta kwako kwa nguvu kama anayeburuta mbuzi. Asante yuko hapa mbele yangu leo. Ya kesho tutaongea kesho."

Bakuli lilibaki jeupe. Fundi alikuwa bado ana mengine.

Asubuhi, kwenye chumba cha mionzi, walimruhusu Fundi asimame mlangoni wakati wanamlaza mumewe. Binti wa mashine alibana kinyago upande mmoja, akabana na wa pili, kisha akapitisha kidole chini ya taya. Akakipitisha tena. Fundi alikitazama kidole kile kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote maishani.

"Hakijazidi," binti alisema. "Kimekaa kama jana. Tunaendelea."

Kutoka ndani ya plastiki Dalali aliinua mkono, akagonga kitanda kwa kifundo cha kidole.

Mlango mzito ukafungwa, taa nyekundu ikawaka juu yake. Fundi akakaa kwenye benchi. Hapakuwa na bakuli, wala kijiko, wala mtu wa kumkunjia mikono. Midomo yake ilianza kutembea, polepole, kisha sauti ikafuata.

Binti, aliyekuwa ameketi hapohapo nje mbele ya skrini yake, aligeuka. "Umeniambia kitu, mama?"

"Siyo wewe, mwanangu," Fundi alisema. "Endelea na kazi."