Mashua Iliyohamia Embu

Njagi aliomba uhamisho kutoka Kisumu kwenda Embu kwa sababu tatu alizoziandika kwenye fomu na moja ambayo hakuiandika. Aliandika kwamba mama yake amezeeka, kwamba shamba la Runyenjes linahitaji mtu wa karibu, na kwamba hewa ya ziwani inamdhuru kifua. Hakuandika kwamba Embu hakuna ziwa.

Mkewe, Mukiri, alikuwa na mashua ya tanga. Haikuwa kubwa, futi kumi na nne hivi, mbao tupu, tumbo lake limepakwa rangi ya kijani. Baba yake Mukiri, Mmeru wa Kinoru aliyefanya kazi bandarini Kisumu zaidi ya miaka ishirini, aliijenga pamoja na fundi wake kijana aitwaye Elphas. Mukiri alikuwa msichana wa shule wakati huo, na ndiye aliyewashikia mbao. Mzee alipofariki, mashua ikawa ya binti, na Elphas akaendelea kuitunza. Kila Jumamosi wawili hao walikuwa majini. Njagi, ambaye hakujua kuogelea hata kidogo, alikaa ufuoni na gazeti, akisoma mstari mmoja mara kumi.

Hakuwahi kuona jambo lolote baya, na hilo ndilo lililomsumbua. Angeona jambo, angekuwa na la kusema. Alichokiona ni Elphas kuinua kidole tu, na Mukiri kujua ni kamba gani ya kulegeza. Nyumbani, yeye Njagi akiomba chumvi, ilibidi aombe mara mbili.

Uhamisho ulipokubaliwa, mwanzoni mwa mwaka 1983, alirudi nyumbani akiwa amejiandalia uso wa huzuni.

"Sasa mashua tutaifanyaje, Mama Wambeti?"

"Tutaenda nayo," Mukiri akasema, huku akimfunga mtoto kanga mgongoni.

"Embu?"

"Si ina trela? Baba aliitengenezea magurudumu kusudi isifungwe mahali pamoja. Maji tutayatafuta."

Wakaenda nayo. Pikapu ya Njagi iliivuta siku mbili, mlingoti umelazwa juu yake na kitambaa chekundu kimefungwa mwishoni. Karibu na Karatina askari wa barabarani aliizunguka mara mbili, akauliza kama bahari imehamia mlimani. Mukiri alicheka. Njagi alitoa leseni yake.

Embu, mashua ikawekwa kwenye ua wa nyumba ya serikali waliyopewa. Mukiri akaanza kufundisha shule ya msingi, Njagi akaingia ofisi ya ardhi, na mtoto akawa anashinda kwa nyanya yake Runyenjes. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Kuku wakaanza kutaga ndani ya mashua, na Njagi akawa anayaokota yale mayai kwa furaha ambayo hakumweleza mtu.

Lakini Mukiri alikuwa akiulizauliza. Aliwauliza walimu wenzake, watu wa kanisani, madereva wa malori ya mchanga. Siku moja akasikia habari za ziwa dogo kule Meru, ng'ambo ya mji. Jumamosi ile waliamka mapema, wakashika barabara ya chini ya Ishiara. Ilikuwa siku ya soko, na wauzaji waliacha ndengu na mtama wao wakaja kuishika mashua kwa mikono. Mzee mmoja aliinama, akachungulia ndani, akauliza kama huo ni mzinga wa nyuki, na kama ndio, unatoa asali madebe mangapi. Wakalala Kinoru kwa shangazi yake Mukiri, wakala mukimo hadi wakashindwa kuinuka. Asubuhi, baada ya ibada, wakafika ziwani. Lilikuwa limejaa magugu. Mashua ilisukumwa ndani hatua thelathini, ikakwama, na tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba bila hata pumzi ya upepo.

"Pole," Njagi alimwambia mkewe walipokuwa wakirudi, na ilibidi ageuze uso dirishani.

Kisha ikaja barua ya kwanza. Barua zao zote zilipitia sanduku la posta la ofisi ya Njagi, naye akaileta nyumbani bila kufikiri sana, ingawa aliutambua mwandiko. Elphas aliandika kwamba kabla ya kwenda Kisumu alikuwa seremala kwenye kambi za ujenzi wa mabwawa ya Mto Tana, huko Mbeere, na kwamba mwaka juzi tu alirudi miezi kadhaa kusaidia kukata miti pale ambapo bwawa kubwa lingejaa. Alichora ramani kwa penseli. Hapa pa kushusha mashua. Hapa pana upepo kuanzia saa tano. Hapa viboko, usikaribie.

Jumamosi iliyofuata Mukiri alikuwa katikati ya bwawa lile, tanga limejaa, mashua imelalia ubavu mmoja. Njagi alikaa ufuoni kwenye jiwe la moto. Mkewe aliporudi, midomo yake ilikuwa imekauka kwa jua na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyetoka kwenye sherehe.

"Elphas hakukosea hata mahali pamoja!" alisema.

Basi ikawa hivyo kila wiki. Elphas alisema. Elphas alichora. Njagi alijiona mjinga wa kupindukia: amemvusha mke wake nchi nzima kumtenga na mtu, na mtu yule amemfuata ndani ya bahasha ambayo yeye mwenyewe ameibeba mfukoni.

Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa kunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na watu wa Mbeere wakaanza kupanga foleni ya chakula cha msaada. Mwezi wa tano ikaja barua nyingine yenye mwandiko ule. Njagi alifunga mlango wa ofisi, akaifungua kwa ncha ya rula.

"Mukiri," Elphas aliandika, "nasikia huko kumekauka. Maji yakishuka, usiingie ule mkono wa bwawa ulio kaskazini. Chini yake kuna miti ambayo hatukuwahi kuikata, maji yalitufikia tukiwa bado kazini. Hamia bwawa la pili, lililo chini yake, lile halipungui sana. Msalimie mzee wako. Nimemfikiria. Akikaa katikati na kushika kamba ya lile tanga dogo la mbele, hatalowa. Usimwache ufuoni kila mara. Mtu akiachwa ufuoni peke yake hujitungia hadithi."

Njagi aliisoma mara tatu. Yale ya miti yalimpita. Yaliyomchoma ni ya mwisho. Mtu wa Kisumu anamfundisha mke wa mwenzake namna ya kumtunza mumewe! Aliikunja barua, akaitia ndani ya faili moja ya mipaka ambayo hakuna aliyeiulizia tangu mwaka 1971, akairudisha faili kabatini.

Wiki ile alijaribu kumzuia. "Tungojee mvua," alisema. Mukiri akajibu kwamba akingojea mvua ya mwaka huu atazeeka. Njagi angeweza kusema neno moja tu, miti. Lakini mkewe angeuliza, umejuaje? Akajiambia kwamba maji hayawezi kuwa yameshuka kiasi hicho, na kwamba bwawa ni kubwa, mkono ule ni mmoja tu.

Upepo wa siku ile ulivuma kuelekea kaskazini.

Njagi aliona kila kitu akiwa kwenye lile jiwe lake. Mashua ilikuwa ikienda mbio, tanga jeupe juu na kijani chini, kisha ikasimama ghafla, kana kwamba mtu ameishika mguu. Mlingoti ukaenda mbele. Tanga likalala juu ya maji. Halafu akaona tumbo la kijani peke yake, na hakumwona mkewe.

Alikimbia. Aliingia majini na viatu na koti, mpaka kifuani, na hapo miguu ikakataa. Alipiga kelele kwa Kiembu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyomjia. Mvuvi mmoja, Runji, aliyekuwa akishona wavu chini ya kibanda chake, tayari alikuwa amerukia mtumbwi na kupiga kafi kwa nguvu zote. Bwawa lile lina mamba, na Njagi alijua hivyo, naye alisimama pale akihesabu kila kafi.

Runji alimrudisha Mukiri akiwa hai, mguu umechanika kuanzia goti hadi karibu na kifundo. Wakamfunga kwa shati la Njagi. Alitetemeka japo jua lilikuwa kali.

"Lakini mama," Runji alisema, "huko si kuna miti. Mwaka jana ilikuwa chini sana. Sasa iko karibu."

Mukiri alikuwa akitazama maji. "Elphas alifanya kazi hapa," alisema polepole, kama anayejisemea. "Angeniambia. Nashangaa hakuniambia."

Njagi aliona kwamba angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua kamwe. Fundi wa Kisumu angeonekana mtu wa maneno matupu, na mashua imepasuka, na mambo yangekwisha hivyo. Alitaka sana yaishe hivyo. Kisha akatazama damu iliyokuwa ikipenya kwenye shati lake.

"Alikuambia," alisema.

"Nani?"

"Aliandika. Mimi nilificha barua. Iko ofisini."

Runji aliokota kafi lake, akaondoka bila kuaga. Mukiri alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Ulijua kuna miti, ukaniacha niende," alisema. "Mimi, mama wa mtoto wako."

Njagi alipiga magoti, akakaza fundo la shati mguuni pake.

Jumatatu alimletea barua. Mukiri aliisoma akiwa amekaa, mguu umeinuliwa juu ya kigoda na nyuzi kumi na sita ndani yake. Alipofika mwisho aliifunga, akampa.

"Utamwandikia wewe. Umweleze yote, usipunguze. Mashua inahitaji fundi."

Kisha akahamia chumba cha mtoto.

Njagi aliandika barua ile mara nne. Wiki mbili baadaye alikuwa kituo cha mabasi cha Embu akimngoja mtu ambaye yeye alimchukia kwa miaka minne, na Elphas akashuka na sanduku la vifaa begani. Alikuwa vilevile: mrefu, meno yamejaa kinywani, mikono ya mtu asiyejua kukosea. Njagi alikuwa amejiandaa kupigwa ngumi.

"Mguu wake unaendeleaje?" Elphas aliuliza.

"Unapona."

"Na mashua iko wapi?"

Walifanya kazi siku tatu uani. Mbavu mbili za mashua zilikuwa zimevunjika, na ule ubao wa chini, unaoteremshwa majini ili upepo usiisukume mashua kando, ulikuwa umekatika nusu. Mukiri alikaa barazani akisahihisha madaftari. Alizungumza na wote wawili kwa adabu, kama wageni. Siku ya pili, Njagi akiwa ameshikilia mbao huku Elphas akipiga randa, fundi alisema bila kuinua macho:

"Nilimtaka. Zamani, kabla hujaja. Nilimwambia, akakataa. Kwa hiyo si kwamba ulikuwa kipofu kabisa."

Miaka yote ile Njagi alikuwa akitamani mtu amwambie kwamba hakukosea, na sasa ameambiwa, na hakukuwa na raha yoyote ndani yake.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu wewe uliniandikia ukweli. Shika hapa. Kaza."

Akakaza.

Jumamosi waliivuta mashua hadi bwawa la pili, lile la barua. Maji yalikuwa yamefika karibu na majani, na upepo ulipita juu yake kwa utulivu. Elphas alisema lazima ubao mpya ujaribiwe kwanza na watu wanaoujua. Akaingia na Mukiri, wakasukuma, wakaenda.

Njagi alibaki ufuoni, ameshikilia jaketi la kuokolea alilonunuliwa na mkewe tangu Kisumu na ambalo hakuwahi kulivaa. Aliwaona wakigeuza mashua bila kuambizana neno. Aliwasikia wakizungumza Kijaluo, ambacho yeye hakukielewa, kisha wakicheka wote wawili kwa sauti. Kile kitu kikaamka kifuani mwake, kilekile, hakikuwa kimepungua hata kidogo. Alidhani aibu ingekuwa imekiua.

Waliporudi, Elphas aliruka majini, akashika ubavu wa mashua.

"Ingia," Mukiri alimwambia mumewe. Lilikuwa neno la kwanza aliloambiwa na mkewe bila adabu ya wageni tangu siku ile.

Njagi alivaa jaketi, akaingia kwa magoti, akakaa katikati. Mukiri akampa kamba ya tanga dogo, akamwonyesha namna ya kuivuta na kuilegeza. Mashua ikaondoka. Maji yalipita karibu sana na mkono wake. Walipofika mbali kidogo na ufuo, alijilazimisha kufungua kinywa.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

Mukiri alimtazama. Pengine alitaka kukasirika.

"Tulikuwa tunakucheka wewe. Elphas alisema umelikumbatia hilo jaketi kama mtu anayepeleka kuku sokoni."

Njagi alilitazama jaketi. "Nilidhani," alianza.

"Najua ulichodhani. Siku nyingine ukidhani, uliza hivihivi. Nitakujibu, hata kama jibu ni baya." Alisukuma usukani kidogo, mashua ikainama, na Njagi akashika ubao kwa mikono yote miwili. "Na bado sijakusamehe, Njagi. Usifikiri kukaa humu ni kusamehewa."

"Sifikiri."

"Basi legeza kamba. Umeikaza mno."

Akalegeza.