Kanuni ya Tano

Kanuni ya tano aliitunga mwenyewe, asije mtu akamsingizia mwingine. "Mtoto yeyote mwenye udugu na mwanakamati asile chakula cha mradi," alisema Bi Ratiba huku akigonga meza kwa kalamu, na wenzake sita wa kamati wakapiga makofi. Walijua jinsi miradi ya mtaani inavyokufa: wakubwa wanawavuta binamu zao mbele, wana wa wenzao wanabaki kulamba vidole. Bi Ratiba hakutaka kuliona hilo kwake. Alikuwa mlezi wa bweni kwa miaka ishirini na minane, na jina hilo alipewa na wanafunzi waliochoka kuamshwa na kengele yake. Sasa akiwa amestaafu, alikuwa amewakusanya majirani wajitolee kuwapikia watoto wa mtaa chakula cha mchana likizo ndefu nzima, maana shule zikifungwa na jiko la shule hufungwa.

"Na ndugu akiwa na shida kweli?" aliuliza Mwokaji, mzee aliyeoka mikate maisha yake yote, na sasa ndiye mpishi mkuu.

"Asaidiwe nyumbani na ndugu yake. Kwanza kwetu sisi hakuna mtoto wa kunyoosha sahani mbele za watu."

Aliyasema hayo kidevu kiko juu. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa kilikuwa hakijapata habari.

Siku ya nne ya mradi foleni ilitoka bwaloni ikapinda hadi kwenye mabomba ya maji. Mwokaji alipakua wali, Bi Ratiba akasimama kwenye sufuria la maharage na upawa wake. Sahani ikaja, akainua macho, akamwona binti wa mdogo wake wa kiume. Ana miaka tisa, kamshika mkono kaka yake mdogo wa miaka mitano, na wote wawili wamevaa nguo zilizopigwa pasi kama wanaokwenda kupigwa picha.

"Shikamoo, Bi Ratiba," alisema msichana.

Bi Ratiba, si shangazi. Mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, alikuwa akimwita kama wanavyomwita watoto wa watu. Neno moja tu lilitosha kumwonyesha kuwa kanuni yake ilishafika nyumbani kwa mdogo wake.

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Wawili."

Akapakua, akaita anayefuata.

Tuseme ukweli, maana aibu ukiifunika inavunda: kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu. Hakuna aliyejua. Nafuu hiyo haikumaliza hata sahani tatu, ikageuka kitu kizito kifuani, na akaanza kumwaga mchuzi mezani.

Watoto walipokuwa wakiosha sahani aliwafuata mabombani.

"Baba yuko wapi?" alinong'ona.

"Nyumbani. Karakana alimokuwa akichomelea mageti imefungwa, mwezi wa pili sasa." Msichana aliongea huku akisugua sahani ambayo ilishatakata. "Mama kasema tukikuita shangazi hatutapewa."

"Mbona hamkuja kwangu?"

"Baba alikupigia. Ukasema uko kikaoni, utampigia."

Kweli, alisema hivyo, na hakupiga. Kikao chenyewe kilikuwa kile cha kutunga kanuni.

Angeweza kwenda kwa mdogo wake jioni ileile. Mchele alikuwa nao, miguu alikuwa nayo, na nyumba ilikuwa mtaa wa tatu tu. Alichokosa ni uso wa kwenda nao. Angeanza vipi? Mwanamke anayelisha mtaa mzima, wa tumbo moja naye analala njaa! Akajiambia atakwenda kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, siku nane zikapita. Kila mchana watoto wale walikuja na shikamoo yao ya kigeni, naye akaitikia.

Kibaya zaidi ni upawa. Kila zilipofika sahani zile mbili, mkono wake uliogopa kuonekana unapendelea. Ukapunguza kidogo, kesho yake ukapunguza tena. Aliliita jambo hilo haki, na moyoni alijua si haki. Wasiomjua walipata upawa wa kujaa. Damu yake ikapata nusu.

Siku ya kumi na mbili Mwokaji aliweka mwiko chini.

"Bi Ratiba, hawa wawili wamekukosea nini?"

"Wamenikosea?"

"Nina macho mimi. Wenzao unawajazia, hawa unawanyima. Kama mama yao mmegombana, mtoto anaingiaje?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Wanakamati wawili waliokuwa wakipanga vikombe wakageuka. Bi Ratiba aliona uso unawaka moto hadi masikioni, na akatamani ardhi ipasuke immeze na sufuria lake. Kisha akamtazama yule mdogo aliyeishika sahani kwa mikono miwili, na akashindwa kuendelea kuficha.

"Ni watoto wa mdogo wangu," alisema kwa sauti, asije akajipa nafasi ya kurudi nyuma. "Baba mmoja, mama mmoja. Niliwaona tangu siku ya kwanza walipokuja nikanyamaza. Nikawapunja ili nisishukiwe. Mimi ni shangazi yao."

Akamgeukia msichana, mikono yake tayari imefunguka kumpokea.

Msichana alirudi hatua moja. Hakumtazama yeye, alimtazama Mwokaji, na sahani kaibana kifuani.

"Si kweli, babu," alisema haraka. "Sisi hatuna shangazi hapa. Katufananisha tu."

Yule mdogo alimwangalia Bi Ratiba, akafungua mdomo kutaka kusema. Dada yake akamfinya mkono. Mdogo naye akatikisa kichwa: hapana, hamjui.

Mwokaji aliuchukua upawa mkononi mwa Bi Ratiba, akawajazia sahani zote mbili. "Asante, babu," alisema msichana, akamvuta kaka yake hadi meza ya mwisho. Wakampa shangazi yao mgongo, wakala mbiombio, kabla chakula hakijachukuliwa.