Nyama Aliyoikata Mwanangu

Wameshaanza kusema. Mtaa wetu hapa Kismayo hauna siri, na tangu tumzike mume wangu Ghalib nasikia ni kijicho, nasikia ni jini la baharini, nasikia ati kuna mtu alimtazama vibaya sokoni. Upuuzi mtupu. Ghalib kafa kwa figo, na figo zake zimemalizwa na chumvi, na chumvi hiyo ilitoka kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe, ikapita jikoni kwangu. Hakuna anayejua ila mie, binti yangu Rawda na daktari. Sasa nanyi mnajua, na atakayemfikishia Adnan maneno haya sitamsamehe mpaka kiama.

Mambo yalianza kwa miguu. Ilivimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Nikampeleka kwa Daktari Wafaa, yule msichana mwenye zahanati nyuma ya soko. Akampima, akamtoa damu, akamtoa mkojo, kisha akatuambia presha iko juu na figo zimeanza kuchoka. Dawa alitupa, lakini akasema dawa peke yake haitoshi. Chumvi aiache. Papa mkavu aache, ng'onda aache, samaki yeyote aliyetiwa chumvi akaanikwa juani asimguse tena.

Ghalib ni mzaliwa wa kisiwa cha Chovai. Huko mtoto haoti meno kabla hajanyonya mfupa wa papa. Nilidhani atabisha, lakini alitii siku ile ile. Mie nikachukua kopo langu la chumvi nikampa jirani yangu Umi, na papa wote waliokuwa wamening'inia jikoni nikamgaia. Nilitaka mume wangu aishi. Tumekimbia vita pamoja mwaka tisini na moja, tumekaa kambini Mombasa tukiwa hatuna kitu, tumezika watoto wawili huko, tumerudi hapa tukiwa na mvi. Kama kuna mtu aliyestahili kuzeeka taratibu, ni yule.

Ila alinitia kiapo. Adnan, mwanetu wa kiume pekee aliyebaki, yuko Ulaya, nchi ya baridi, na Ghalib akasema asiambiwe. Hilo kwetu si jambo geni. Mtu aliye mbali hupelekewa habari za harusi na za watoto waliozaliwa. Maradhi huambiwa yakishapona, au huambiwa watu wakishatoka makaburini. Ati tusimtie simanzi ugenini, hana mama wala shangazi wa kumshika bega. Nikamwambia, "Baba Adnan, mficha maradhi kifo humuumbua." Akanijibu, "Basi kiniumbue mimi, kisimuumbue mwanangu." Mume wangu alikuwa mpole, lakini akishaamua, hata ukimmwagia maji ya moto habanduki.

Sasa huyo Adnan, baada ya miaka ya kuhangaika bila karatasi, alikuwa kapata kazi. Kazi gani? Kiwanda cha nyama. Nyama za Waislamu, za halali, zinasagwa na kutiwa viungo, nyengine zinaingia kwenye mikebe, nyengine zinakuwa soseji, nyengine zinakaushwa na kukatwa vipande vyembamba na kufungwa kwenye plastiki. Alipotupigia simu kutuambia, alikuwa analia kwa furaha. Na kontena la kwanza la watu wetu lilipoondoka kule kuja huku, akatia ndani boksi la baba yake.

Lazima mjue nyama ina maana gani kwa mtu kama Ghalib. Sisi wa visiwani, tangu zamani, wenye mifugo wametucheka. Walasamaki, wanatuita, ati midomo yetu inanuka. Ghalib akiwa kijana alisukumwa kutoka kwenye mgahawa hapa hapa mjini, akaambiwa hapa panauzwa nyama, nenda kale vitu vyako ufukweni. Hakuisahau. Na kule kambini, nyama tuliiona kwa wenzetu tu. Leo mwanawe anakata nyama Ulaya, inavuka bahari, inamfikia yeye mezani. Asubuhi alikuwa anatoka na sahani yake barazani, vipande vimepangwa vizuri, anamkaribisha kila anayepita. "Karibu. Ya mwanangu hiyo."

Mtasema, na lile katazo la daktari? Tulilitimiza, wallahi, kwa akili zetu zote. Daktari kasema samaki wa chumvi, na hii si samaki. Sisi watu wa papa, chumvi tunaijua kwa macho. Inakaa juu, nyeupe, unaikung'uta kwa kiganja, unaiosha kwa maji mara ya kwanza na ya pili kabla hujapika. Nyama ile ilikuwa laini, nyekundu ya waridi, haina punje hata moja. Ladha yake ilikuwa kali kidogo, tukasema ni viungo vya Kizungu. Ulimi uliolelewa na papa nao utaambiwa nini na soseji? Na juu ya plastiki kulikuwa na muhuri wa halali. Ghalib aliusoma kwa sauti, akasema kitu safi hiki, mgonjwa ndicho cha kula.

Basi akala. Asubuhi na mayai, jioni na mkate wa mofa. Wali nampikia bila chumvi kabisa, analalamika hauna ladha, namkatia soseji ndani ili ushuke. Nilijiona mke hodari kuliko wote pwani hii. Na miguu ikazidi kuvimba, ikapanda mpaka magotini, na uso nao asubuhi ukawa umejaa.

Tukarudi kwa Daktari Wafaa. Akapima, akapima tena. Akauliza, "Mama, bado mnampa papa?"

Nikakasirika. Nikamwambia papa kwetu hana hata harufu, kopo la chumvi liko kwa jirani, aende akaulize. Akauliza basi Mzee anakula nini. Ghalib akajibu mwenyewe, kifua mbele, "Nyama, Daktari. Mwanangu ananiletea kutoka Ulaya. Ya mkebe na ile ya vipande."

Yule msichana akaweka kalamu chini. Akatuambia taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, kwamba chumvi imo humo humo ndani, imesagwa na nyama, na ndiyo inayoifanya isioze safari yote ile. Akasema kwa mgonjwa wa figo, ile na papa ni mtu na nduguye.

"Lakini ni halali," Ghalib akasema.

"Halali ni halali, Mzee, sibishani nawe. Chumvi pia ni halali."

Ghalib hakukubali. Akauliza, mbona maduka ya Ulaya yamejaa nyama hizo, na wenyewe wanaishi miaka mingi? Daktari akasema mwenye afya akila kipande siku moja moja hatakufa kesho. Ila hata huyo mwenye afya hatamshauri aifanye chakula chake cha kila siku, kwa sababu ya chumvi, na mafuta, na dawa za kuihifadhi, na wataalamu wamekwisha kuihusisha na saratani ya utumbo. "Mbuzi aliyechinjwa asubuhi akachemshwa ni kitu kimoja," akasema, "na hii ni kitu chengine. Samaki wako mbichi wa kuchoma, Mzee, ndiye rafiki yako. Mlikuwa naye nyumbani siku zote."

Samaki mbichi. Tulikuwa tumemwacha kwa kuwa ni samaki. Nilitoka pale nikiwa sioni njia, Rawda ndiye aliyenishika mkono.

Nyumbani nikachukua simu nimpigie Adnan. Ghalib akaninyang'anya. Sijawahi kumwona na sura ile. "Utamwambia nini? Kwamba asilete tena? Atauliza kwa nini. Ukimwambia figo, atauliza tangu lini. Atarudi nyuma boksi kwa boksi, Zuleikha. Mtu akijua kwamba kamlisha babake maradhi, atalala usingizi gani tena?"

Nikamwambia bora Adnan akose usingizi kuliko mie nikose mume. Akanishika mkono mbele ya Rawda, jambo ambalo watu wa rika letu hatulifanyi, akasema, "Mimi nimeshaishi." Nikautoa mkono wangu. Nilikuwa na hasira naye, na mpaka leo ninayo.

Tukakubaliana aache kula, na kiapo kibaki. Nyama iliyosalia nikaona haya kumpa Umi, maana Umi naye ana presha, nikawatupia paka, huku nikimwomba Mungu msamaha kwa kumwaga neema. Paka wa mtaa wetu wakanawiri.

Lakini palikuwa na Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala Adnan alikuwa anapiga simu ya picha, na raha yake kubwa ilikuwa kumwona baba yake anakula. Nilijaribu kumtilia Ghalib vipande vya samaki kwenye sahani, Adnan akagundua pale pale. Nyama zake anazijua, anazishika mchana kutwa. "Baba, umezichoka?" akauliza, na sauti ikamshuka. Ghalib akacheka, akasema hapana, mama yako kachelewa tu kuzitoa. Tangu siku ile, maboksi yakiendelea kuja, kila Ijumaa alikula kidogo. Mie nilizichemsha kwanza, nikamwaga maji, nikachemsha tena mpaka zikawa kama kitambaa.

Ijumaa ile ya mwisho Adnan alitokea kwenye simu kavaa koti jeupe na kofia ya kiwandani. Wamempandisha, yeye sasa ndiye msimamizi wa wanaochanganya viungo. "Baba, ile yenye karatasi ya kijani nimeichanganya mwenyewe. Ifungue nikuone. Sasa hivi, usimpe mama akaipike."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya simu. Nikatikisa kichwa. Ghalib akaniangalia, kisha akachana ile plastiki kwa meno, akala kipande, akasifu. Adnan akasema kula tena. Akala. Mtoto anacheka kule, anawaita wenzake waje wamwone baba yake, na baba yake anakula na kuwapungia mkono, mpaka pakiti ikaisha. Simu ilipokatika akaomba maji, na maji nayo daktari alikuwa kampimia.

Jumapili alikuwa hawezi kulala chali, pumzi haimtoshi. Daktari Wafaa akaja mwenyewe nyumbani, akasema maji yameingia kwenye mapafu, anahitaji mashine ya kusafisha damu, na inabidi asafirishwe. Tulikuwa bado tunatafuta nafasi ya ndege. Alasiri kichwa chake kikalala mapajani mwa Rawda, akatamka shahada, akanyamaza. Daktari aliniambia ile pakiti moja isinisumbue, figo zilikuwa zimekwisha kufa kabla yake. Labda kweli. Labda kanihurumia tu.

Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kesho yake Adnan akapiga, macho mekundu, sauti imekwisha. Akauliza, "Mama, Baba alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa. Presha ilimpanda ghafla."

"Hamkunificha kitu?"

Rawda alikuwa pembeni yangu, akafungua mdomo. Nikamtazama, akainuka akaenda uani, nikamsikia analia huko.

"Tukufiche nini, mwanangu. Siku yake imefika."

Akalia sana, nami nikamwacha alie. Alipotulia akasema kuna kitu kimoja kinachomshika asianguke. "Sikumuuguza, sikumwosha, sikuingia kaburini mwake. Lakini nimemlisha, Mama. Si nimemlisha?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Ghalib, na nikamlaani, na nikamwombea rehema, yote kwa pumzi moja. Nikamjibu, "Umemlisha. Hakuna mtoto mtaa huu aliyemlisha baba yake kama wewe."

Akafuta uso kwa kiganja. Akaniangalia vizuri, akasema nimekonda, akauliza kama nimekula tangu jana. Nikasema sina hamu. Akaanza kuniomba kama alivyokuwa akiniomba alipokuwa mdogo, nile kidogo, nile anione, roho yake itulie. Kabatini kulikuwa na mkebe mmoja uliowaponyoka paka. Nikaenda nikaufungua, nikarudi nikaketi mbele ya simu, nikakata kipande, nikatafuna mpaka kikalainika, nikameza.

"Tamu, mwanangu," nikamwambia.

Akatabasamu, akasema boksi linalokuja litakuwa langu.