Kofia Iliyokwisha Milano

Bi Zuleha alikuwa hajapata kuona wanaume wakitembezwa mbele za watu kama maharusi wanaotolewa nje. Lakini mjukuu wake Alyaa alikwisha amua. Saa kumi na nusu za alasiri, joto la mwezi wa sita limeishika Ibra nzima, huku Omani, aliunganisha simu yake na televisheni, akavuta mapazia, akamkalisha bibi yake katikati ya mito.

"Tizama, Bibi. Milano hiyo. Sasa hivi wanaonyesha mavazi mapya."

Kushoto alikaa Bi Khole, binamu yake Bi Zuleha, waliyetoka naye Unguja wakiwa wasichana, na ulimi wake tangu siku hiyo haujapumzika. Kulia, karibu na birika la kahawa, alikaa Mwanamboka, mwanamke wa Tanga anayemsaidia Bi Zuleha kazi za nyumbani, mwaka wa sita huu.

Wanaume wakaanza kutoka, mmoja mmoja, warefu, nyuso wamezikunja.

"Huyu kafiwa?" akauliza Bi Khole.

"La, Bibi Khole. Ndiyo wanatembea hivyo."

"Basi wampe chakula kwanza, ndiyo wamtembeze. Na koti hilo mbona mikono inafika magotini? Kalirithi kwa nani?"

"Na suruali ile," akadakia Mwanamboka, "kwetu Tanga tungetilia mchele, na nafasi ingebaki."

Wakacheka mpaka Bi Zuleha akapaliwa na kahawa. Alyaa naye alicheka, ila vidole vyake havikutulia. Alikuwa kasomea ushonaji wa mitindo Muscat, kisha nyumba kubwa ya mavazi ya kiume huko Milano ikamchukua miezi mitano kujifunza kazi. Mwezi uliopita karudi, na kila siku anasema ana jambo la kumwonyesha Bibi, jambo gani hasemi. Sasa akamshika mkono.

"Sasa, Bibi. Sasa hivi."

Taa za kule zikafifia. Akatoka kijana amevaa kanzu nyeupe, na kichwani ana kofia ya viua. Nusu ya kofia imeshonwa, kila kitobo kimezungushiwa uzi wake, safi. Nusu ya pili kitambaa kitupu, mahali pa vitobo pametiwa alama za penseli tu. Na pale mshono ulipokatika uzi unaning'inia, na kwenye uzi imetungwa sindano ya dhahabu, inampiga shavuni kila akitia hatua. Nyuma yake akatoka wa pili, na wa tatu, mpaka wakafika arubaini, wote na kofia ile ile, wote na sindano.

Watu wa Milano wakasimama kupiga makofi.

"Kofia yako, Bibi!" Alyaa akaruka. "Wameiga kofia yako! Mimi ndiyo niliwaonyesha! Tizama watu wanavyoandika." Akawa anasoma kwenye simu, anatafsiri mbio mbio. "Huyu anasema hajaona kitu kizuri kama hii mwaka mzima. Huyu anasema amelia. Huyu anasema ile nusu tupu inasema maneno."

"Inasema nini?" akauliza Bi Zuleha. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Alyaa akatafuta. "Hakuandika."

Bi Khole akakitua kikombe chake. Yeye alikuwamo nyumbani humu siku ile, miaka kumi na tisa nyuma, akichambua mchele wa arusi. Alimwona Bi Zuleha pale mlangoni kwenye mwanga, kofia ya bwana arusi, mwanawe wa mwisho Azzan, iko mapajani, na mwenyewe yuko njiani, anatoka kazini kwake Sur kuja kuipima. Simu ikalia. Bi Zuleha akaichomeka sindano kwenye kitambaa ili isipotee, akainuka kuipokea.

Baada ya msiba nguo za Azzan zikatolewa sadaka, kama inavyotolewa nguo ya kila maiti. Kanzu, vilemba, mashuka, hata viatu. Bi Zuleha alikunja mwenyewe, akatoa mwenyewe. Alipoulizwa kama kimebaki kitu, alisema hakuna, na mbele ya nafsi yake hakusema uongo. Kofia ambayo haijakwisha bado si kofia. Haina mtu wa kuivaa, basi ataitoa vipi? Akaitia ndani ya mkebe wa biskuti, sindano yake imo, akauweka mkebe juu ya kabati. Hakuwa akiufungua. Ilimtosha kujua kofia imo, kwamba kazi ya Azzan haijamalizika.

Alyaa alipokuwa mdogo aliuvumbua mkebe, akauliza mbona Bibi hamalizi. "Macho yamechoka, mama," akajibiwa. Na mwezi wa kwanza mwaka huu, Alyaa alipomwomba kofia za kwenda kuwaonyesha mafundi wa Milano, Bi Zuleha mikono yake imo kwenye unga, alisema, "Chukua uzitakazo." Alifikiri zile saba za kabatini.

"Bado, Bibi! Zawadi bado." Alyaa akatoka, akarudi na sanduku jeusi, limefungwa utepe. Akafungua mwenyewe, maana Bibi mikono haikunyanyuka.

Ndani, juu ya hariri, ilikuwako kofia ya Azzan. Imekwisha.

"Mafundi watatu, wanawake wakubwa, wamekaa wiki nzima," Alyaa akasema. "Walipokwisha kuiga, wakasema, haifai kumrudishia mama wa watu kofia yake nusu. Wakamaliza kwa heshima yako. Umefurahi, Bibi?"

"Na sindano?"

"Ilikuwa na kutu. Wameitupa."

Bi Khole akatia buibui lake upesi, akasema kachelewa, na hakuna alichochelewa. Kabla ya kutoka akamshika Bi Zuleha bega, akalibana, akaondoka. Mwanamboka akakusanya vikombe taratibu, hata kijiko hakikulia. Alikuwa hajui kitu, lakini uso wa mwenye nyumba ulimtosha.

Wakabaki wawili. Televisheni inaonyesha bado, sauti imezimwa.

Angenyamaza, furaha ya mtoto ingebaki nzima. Bi Zuleha alilijua hilo. Alikwisha nyamaza miaka kumi na tisa, na kunyamaza ndiko kulikoipeleka kofia Milano.

"Kitendawili," akasema.

Alyaa akatabasamu. Ndiyo mchezo wao tangu utotoni, ndiyo alijifunzia Kiswahili. "Tega."

"Nina mgeni yuko njiani mwaka wa kumi na tisa. Chakula chake hakijapoa, nami sijachoka kumngoja."

"Mvua?"

"Siyo."

"Kasa wa Ras al Hadd! Si wanarudi, hata miaka mingi?"

"Siyo. Nipe mji."

Siku zote Alyaa humpa Nizwa, na Bibi huenda Nizwa akala halua yote ya sokoni, akamwachia mjukuu bakuli la kulamba. Leo, kwa kuwa kasa walikuwa midomoni mwake, akautaja mji ulio jirani na kasa hao.

"Nakupa Sur."

Bi Zuleha angeweza kuukataa, akaomba mwingine. Akakaa nao kidogo.

"Nimekwenda Sur," akasema. "Nimevuka daraja nimefika Aija, kwenye chumba cha kupanga. Nimemkuta kijana anapiga kanzu yake pasi, anajiimbia. Nikamwambia, Azzan, baba, leo usije. Kofia haijakwisha, nusu bado. Njoo kesho asubuhi. Hakunisikia. Kachukua ufunguo wa gari."

Alyaa aliitazama kofia, kisha bibi yake. "Ami Azzan?"

"Alikuwa anakuja kuipima."

"Ulisema macho, Bibi."

"Nilisema macho. Ningemwambia nini mtoto wa miaka mitano?"

"Mwezi wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na nne." Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia. "Baba pia hakuniambia. Hakuna mtu anasema jina yake nyumba hii."

"Kweli," akasema Bi Zuleha. "Kweli, mama. Hatulisemi."

Alyaa akainuka ghafla, akarudi na wembe mdogo wa kufumulia. "Nitafumua. Uzi wao wote nitautoa, mmoja mmoja. Nitarudisha kama ilivyokuwa."

Moyo wa Bi Zuleha ukaruka kuelekea maneno yale. Akavaa miwani, akaiweka kofia gotini, akaanza kutafuta kwa kidole mahali alipoachia. Alikuwa akipajua. Usiku mwingine alipagusa usingizini. Akazunguka na kidole, kiua kwa kiua, hata akarudi alipoanzia. Akazunguka tena. Uzi rangi moja, mkono mmoja. Wanawake wale wa Milano walikuwa mafundi kweli. Walimfuata hata pale alipokuwa akikaza kupita kiasi.

"Wapi, Bibi? Nionyeshe wapi nianze."

"Sipaoni."

"Jaribu tena."

"Sipaoni, Alyaa. Hapapo."

Akalia hapo, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya kwanza. Alyaa akatupa wembe, akamkumbatia, na Mwanamboka akaja na maji akasimama nayo, hakujua ampe nani.

Adhana ya Magharibi ikawakuta wamekaa vivyo hivyo. Walipokwisha sali, Bi Zuleha aliomba wanga na maji ya moto. Akaichovya kofia, akaikamua kwa viganja, akamwambia Mwanamboka alete bakuli la kuikaushia. Yakaletwa matatu. Hakujaribisha, alichukua la kati, akalivalisha kofia, ikakaa sawasawa. Kichwa kile hakuhitaji kukipima.

Ijumaa asubuhi alimwita mwanawe Humoud, baba yake Alyaa.

"Nguo ya nduguyo hii. Imebaki nyuma. Chukua msikitini, mpe mhitaji itakayemkaa."

Humoud aliitambua. Alisema tu, "Azzan," basi, kwa sauti ya kusikika, akaibeba kwa mikono miwili.

Aliporudi adhuhuri alimkuta mama yake sebuleni, na Alyaa kamwegemea.

"Imemkaa mtu, Mama. Imemkaa hasa. Ni yule—"

"Usinambie nani," akasema Bi Zuleha. "Imemkaa, basi."