Mdomo wa Auleria

Adelard, karani wa mizigo, alivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za ofisini kwao Temeke. Akaambiwa akae nyumbani Kimara mpaka mfupa uunge. Binti yake alipochoka kumsikia akilalamikia kuku wa majirani, alimwekea kwenye simu programu ya kuchorea. Adelard akaanza kuchora kwa kidole. Alichora birika, likaonekana kama bata. Alichora bata, akaonekana kama birika.

Akajiunga na kundi la WhatsApp la watu wanaojifunza kuchora. Unaweka picha, wenzako wanaikosoa, unarekebisha, unaiweka tena. Mkosoaji mkali alikuwa Nusaiba wa Mbagala, dada ambaye hakuwa na desturi ya kusalimia.

"Mwanga unatoka wapi?" aliandika kuhusu birika. "Chagua upande mmoja."

Adelard akachagua kushoto. Birika likawa birika.

Akapata moyo, akamchora mkewe Auleria, mwalimu wa darasa la tatu, akiwa amekaa sebuleni. Akaituma.

"Shingo hii inahitaji kibali cha ujenzi," aliandika Twaha, mwanakundi mwingine.

"Shingo tumeiona," akaandika Nusaiba. "Mie naona mdomo. Umepinda. Mdomo wa mtu haukai hivyo."

Kesho yake Auleria aliazima simu ya mumewe ampigie fundi bomba. Akachelewa kupiga.

"Baba Gibson, ni watu gani hawa wanajadili mdomo wangu?"

"Wenzangu wa kundini. Wananisaidia."

"Wanakusaidia mdomo wangu?"

"Ndio utaratibu wenyewe, Mama Gibson."

Auleria akaingia jikoni. Sufuria zikasikika. Adelard alibaki kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akitamani kumfuata na kuogopa kumfuata. Baadaye mkewe akarudi akiwa na simu ileile, akaketi, akaandika taratibu kama anayeandika ubaoni:

"Habari zenu. Mimi ndiye mama wa kwenye picha. Niliugua utotoni, mdomo ukabaki hivi. Mume wangu hajakosea mdomo. Amekosea shingo."

Hatimaye Nusaiba akajibu.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe. Kwa hiyo mdomo ndio kitu pekee alichopatia?"

"Marahaba. Ndiyo."

Adelard alisoma akiwa ameinama begani kwa mkewe. Ilikuwa kweli. Shingo aliitazama na kuifuta mara nyingi, na bado ikamshinda. Mdomo aliuchora bila hata kuinua macho.

Auleria akajiunga na kundi kwa simu yake mwenyewe, na hakutoka. Alisema anasubiri kuona shingo ikirekebishwa, lakini picha za wengine zilikuwa zinapita, na yeye kazi yake ni kusahihisha. Twaha alipoleta mbuzi, alimwandikia: "Jitihada nzuri. Mbuzi huyu ana magoti ya mtu. Rudia." Twaha akarudia, akashukuru. Wiki haikuisha, watu wakawa wanauliza, "Mwalimu yupo?" kabla ya kutuma chochote.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alikuwa anapitia kazi hizo sebuleni akicheka. Auleria hucheka na kiganja mdomoni. Hata picha ya harusi yao ina kiganja. Safari hii mkono mmoja ulishika simu yake na mwingine ulikuwa unaandika, na mdomo ulibaki wazi, umepinda upande, unacheka. Adelard akaanza kuchora haraka.

Alipomaliza akampa. Auleria akaitazama muda mrefu.

"Shingo?" Adelard akauliza.

"Shingo imekaa."

"Niitume kundini?"

"Hapana."

Akajitumia picha kwenye simu yake, akamrudishia mumewe ya kwake, akaendelea na mtu wa Kimbiji aliyechora baiskeli isiyo na mnyororo.