Kiti cha Kushoto

Mwanamke akikwambia mumewe ana gari la spoti, usimwonee gere kabla hujamwuliza gari lenyewe liko vipande vingapi. Karani mmoja wa mizani, mke wa mwenye gari la namna hiyo, angekujibu bila kuficha. Boneti liliegemezwa sebuleni, pale alipotaka kuweka kabati la vyombo. Taa za mbele zililala kwenye beseni la kufulia. Sinia la wageni lilijaa nati, na mgeni akija ilibidi aandaliwe kwenye kifuniko cha sufuria.

Mumewe alikuwa kinyozi, tena kinyozi hodari. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kukaa kwenye kiti chake, kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi na subira isiyo ya kawaida. Shida ilikuwa kwamba akifika nyumbani hakuacha kunyoa. Gari lile jekundu, la viti viwili, pua ndefu na kimo cha meza, alilinunua likiwa zima, linatembea, halijapungukiwa kitu. Hapo ndipo mkewe alipoanza kuipata, maana machoni pa kinyozi hakuna kichwa kisicho na cha kupunguzwa.

Gari jepesi ndilo gari, alikuwa akisema. Akatoa redio. Akatoa zulia, kisha spika, kisha tairi la akiba na jeki yake, na kitambaa cha dari, na vile vishikio vya juu ambavyo mtu hushika akiogopa kona. Kila alichokitoa alikiweka kwenye ile mizani ndogo ya bafuni, akasoma kilo kwa sauti, akageuka kumtazama mkewe ili wafurahi pamoja. Sasa mwanamke huyo kutwa nzima alikuwa kwenye kibanda cha ghala la nafaka akipima malori yanayoingia na kutoka. Madereva walimwita Mama Mizani. Kama kulikuwa na neno asilotaka kulisikia akishavua viatu, ni hilo la kilo.

Lakini Jumapili alivumilia, na kwa ajili ya Jumapili alivumilia siku nyingine zote. Alasiri kila kilichohitajika barabarani kilifungwa tena, wakapanda wawili, chupa ya chai miguuni, wakaenda hadi daraja la nje ya mji, wakanywa chai, wakarudi. Ndiyo saa pekee aliyompata mumewe akiwa amekaa wima. Katikati ya wiki alizungumza na miguu yake tu, iliyobaki nje wakati mwenyewe yuko uvunguni mwa gari akijibu "ehe" na "mmh". Barabarani kinyozi aliongea. Alisimulia wateja, aliuliza habari za ghala, alimkumbuka binti yao aliyeolewa mbali, na wakati mwingine alicheka hadi akapunguza mwendo. Mkewe alikuwa anampenda mtu yule wa Jumapili. Yule wa siku nyingine alikuwa anamhifadhi tu.

Ndiyo maana alijifunza kunyamaza. Mwaka wa kwanza alitaja, bila nia mbaya, kwamba waipa inalia. Gari likapanda juu ya matofali, likakaa huko msimu mzima wa mvua, na daraja hawakuliona. Tangu hapo akajitia hamnazo. Kitu kikilia, yeye hajasikia. Kidroo kilichokuwa mbele ya kiti chake kililegea kishikizo, kikawa kinagongagonga barabara ikiwa mbaya. Alikiegemezea goti, akakibana, akaendelea na mazungumzo. Likawa goti la kazi. Kila Jumapili akikaa, linakwenda mahali pake lenyewe.

Basi siku moja akarudi kutoka ghalani, vumbi la nafaka limemjaa hadi kwenye kope, akakuta kiti chake kiko uani. Kiti cha kushoto, chote, na reli zake, kimeegemezwa kwenye karo la kufulia, nguo zilizoanikwa zinakidondoshea maji.

"Kilo kumi na nne, mama," kinyozi alimwambia, uso umeng'aa. "Kiti kimoja tu."

"Na mimi nikae wapi?"

Kinyozi akalitazama gari, akamtazama yeye, akalitazama tena gari. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halijawahi kumpitia kichwani. Alianza kueleza kwamba ni kwa muda, kwamba anataka tu kuona tofauti, kwamba gari litapanda mlima ule wa kabla ya daraja kama halina habari.  Mkewe aliingia ndani, akarudi na mizani ya bafuni, akaiweka chini mbele yake, akamwambia apande.

Kinyozi alipanda, kwa sababu alimjua mkewe akiwa katika hali ile. Karani wa mizani aliinama akasoma, kama anavyosoma kila siku. Uzito akishausoma mara moja hausahau, wa lori au wa mume. Tangu gari lile liingie uani, kinyozi aliyekuwa hatembei tena kwenda popote, aliyekula akiwa amechuchumaa kando ya tairi, alikuwa ameongezeka kilo kumi na sita.

"Kiti hakijanenepa," mkewe akasema. "Kilikuja na kilo zake na kimekaa nazo. Wewe je?"

Kinyozi alishuka taratibu, akasema ile mizani betri yake imechoka.

Ilimuuma mkewe. Wala hakujifanya haimuumi. Alimwambia pale pale kwamba angemwelewa kama angesema amemchoka, watu huchokana, lakini kutolewa kwa spana kama tairi la akiba hakuwahi kusikia. Kinyozi alishangaa kweli kweli. Alisema hajamtoa yeye, ametoa kiti. Akaona amejibu vizuri.

Jumapili alienda peke yake. Mkewe alibaki uani, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemchoka, akakaa kwenye kiti chake hapo hapo karibu na karo. Wifi yake, dada wa kinyozi, aliyekaa nyumba ya jirani na hakujaliwa kufunga mdomo, alichungulia ukutani akamwambia naona wifi umepata gari lako mwenyewe, mbona hupigi honi. Karani wa mizani alicheka ili yaishe. Moyoni hakuwa na kicheko.

Chai haijapoa kinyozi akarudi, ndita zimemjaa usoni. Gari linalia, alisema. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, halikuwa likilia kabla. Mkewe akamwuliza linalia wapi. Hajui. Gari limebaki mabati matupu, mlio unazunguka humo ndani, mara uko nyuma, mara uko juu.

Yeye alijua tangu ile ta-ta-ta ya kwanza. Mke mwema angesema. Majuma yale hakuwa na hamu ya kuwa mwema. Alimwacha mumewe afungue mlango wa buti, afungue bomba la moshi, afunge kila waya kwa vitambaa, na vitambaa vyenyewe vikawa mashuka yake. Sinia lilijaa tena. Likisimama, gari lilikuwa kimya kabisa. Mlio ulikuja likiwa barabarani tu, na dereva hawezi kuendesha na kutambaa nyuma kusikiliza kwa wakati mmoja. Alihitaji sikio la pili. Sikio la pili halikuwa na pa kukaa. Alimwomba dada yake achuchumae kwenye bati, na wifi akamjibu kwamba yeye si gunia la kupelekwa ghalani kwa mkewe. Mwisho kinyozi alianza kuharibu vichwa vya watu kazini kwa mawazo. Mteja mmoja aliondoka na mstari wa nywele umepinda hadi sikioni.

Ndipo akaja, mkewe akiwa karoni anafua, akasimama kama mtu aliyeitwa shuleni kwa kosa la mwanawe.

"Njoo unisikilizie. Wewe una sikio."

"Nikae wapi?"

Safari hii hakulitazama gari. Alikibeba kiti, akakifuta madoa ya sabuni, akakifunga na nati zake zote nne, akakitikisa kuona kimeshika. Hakutaja kilo.

Walitoka. Karani wa mizani aliweka magoti yake upande, kwa makusudi, na walipofika kwenye mashimo ya kwanza mlio ukaanza. Mumewe akamtazama kwa matumaini. Mkewe akasema ndiyo, ameusikia. Kisha akarudisha goti mahali pake.

Kimya. Kinyozi aliongeza mwendo, akapunguza, akalifuata shimo moja makusudi hadi wote wakaruka. Kimya. Alisema limeacha. Akasema haiwezekani. Halafu macho yake yakashuka, polepole, hadi kwenye goti la mkewe, na kwenye kidroo kilichokuwa nyuma ya goti.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa waipa."

Kinyozi alibadilisha gia tu kupanda mlima wote. Mkewe alingoja. Alikuwa amengoja muda mrefu, angeweza kungoja mlima mmoja. Walipofika kileleni mumewe akakohoa, akasema kumbe ni kishikizo tu, kishikizo kipya hakifiki hata gramu hamsini, kesho atafungua dashibodi.

Yalimfika mkewe shingoni. "Ukikigusa," alisema, "nashuka hapa hapa, na hutaniona tena kwenye gari hili."

 Daraja likaonekana. Kinyozi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na alipozungumza tena alizungumza kwa sauti ya chini.

"Halikuumi, hilo goti?"

Miaka yote ile mkewe alikuwa akiulizwa habari za milio, za springi, za harufu ya mafuta. Ilibidi ageukie dirishani kwanza, atazame nje.

"Linauma," akasema. "Endesha."